Mawe Yapo Kule

Uliyaona. Usipepese macho, uliyaona. Ulisimamisha gari juu ya tuta la mwisho pale Ras Shuweir, ukashuka, ukapiga picha bahari, ukapiga picha mchanga, ukapiga picha hata matairi yako, na hatua tatu kutoka ulipokanyaga palikuwa na mawe matatu yamesimama kwa mstari mmoja: la kichwani, la tumboni, la miguuni. Wewe ni mtu wa Oman. Tangu hujaota magego unajua kwamba mawe mawili ni kaburi la mwanamume na matatu ni la mwanamke. Ukageuza uso ukasema labda ni alama za wavuvi. Jioni mkatafuta pa kuteleka sufuria, na mchanga haushiki sufuria.

Ndiyo maana nakusimulia habari za Matar bin Gharib, na usijifanye humjui. Ndiye yule dereva wa gari la maji wa Sanaw, mfupi, ndevu zenye mvi upande mmoja, asiyeweza kukaa kitako muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Watu husema ana mchwa ndani ya kanzu. Siku ninayoisema mimi, mchwa hao walikuwa na sababu.

Kuna ofisi moja, jina silitaji, ilitoa tangazo kwamba Ras Shuweir itapata barabara na nyumba za mapumziko. Mwenye kaburi la jamaa yake kule alete fomu: jina la marehemu, mahali pa kaburi, na picha ya mawe yakiwa yamesimama mahali pake. Kaburi hilo litazungushiwa ukuta na barabara itapinda. Siku ya mwisho ni Jumapili, saa mbili asubuhi. Asiyeleta fomu atahesabiwa hana kaburi. Tangazo likatufikia sote kwenye simu. Tukalisoma, tukairudisha simu mfukoni, tukaendelea na kahawa, kama tulivyoendelea na kahawa mwaka wa tufani walipokuja na malori kuchota mchanga, na mwaka uliofuata walipokizungushia seng'enge kisima cha Wadi Hilf. Mimi sisahau. Ninayo miaka yote kichwani.

Mama yake Matar, Ghabisha binti Rashid, amelala Ras Shuweir. Alifariki akijifungua, majira ya kuvua papa, Matar akiwa na miaka minane. Mtoto akaishi. Ndiye Salama, ambaye leo ana miaka arobaini na minne na hajapata kuliona kaburi la aliyemzaa. Baba akafa, mashangazi wakafa; aliyebaki anayejua mahali ni Matar peke yake. Salama alimwambia, "Niletee picha tu, kaka. Nijue nikisema mama, nageukia wapi."

Matar alikuwa hajatia mguu Ras Shuweir kwa miaka kumi na miwili. Kwa nini, utasikia.

Gari lake lilikuwa gereji, giaboksi imekufa. Akajipakia na Ghaith, mtoto wa Salama, aliyekuwa anakwenda huko huko kupiga hema na rafiki zake wawili wa Maskati: kwenda Ijumaa, kurudi Jumamosi.

"Mjomba, hebu tulia," Ghaith alimwambia walipopita Mahut. "Huo mguu wako utatoboa gari."

"Kaza mwendo."

"Nimekaza. Nikizidisha tutapaa."

"Maji yanapwa saa tisa. Yakianza kujaa hatupiti chini ya tuta, tutalala huku na nzi."

Maana pale tuta kubwa linaingia baharini, na njia ni moja tu, ule ukanda wa mchanga mgumu chini yake. Maji yakipwa unapita. Yakijaa, unangoja.

Lami ilipoisha wakawakuta wenzao wameshasimama. Azzan, mpima ardhi, kijana mrefu mwenye kufanya kila jambo taratibu, alikuwa amechuchumaa kando ya Landkruza yake nyeupe anatoa upepo matairini. Yarub, mwalimu wa michezo, mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, alikuwa anamsimamia bila kumsaidia.

"Karibu, ami Matar! Tumeambiwa wewe ndiye mwenye njia. Sasa mwenye njia, mbona unatutangulia kwa miguu?"

Kweli, Matar alikuwa ameshashuka na kuanza kutembea mchangani kana kwamba atafika. Akarudi. "Toeni upepo, wanangu. Mnacheka nini? Maji hayamngoji mwalimu."

"Tutoe mpaka wapi, ami?" Azzan akauliza.

"Mpaka tairi likae chini kama kisigino cha ngamia. Kuni mmebeba?"

"Kuni tunazo," Yarub akajibu, anahesabu kwa vidole. "Mchele, nguru mzima, samli, bizari, tende, kahawa. Mafiga hatukubeba, yanavunja springi bure. Mawe yapo kule."

Mguu wa Matar, ambao haukutulia tangu Sanaw, ukatulia.

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua, ami. Imo kwenye orodha ya kundi letu. Ras Shuweir: maji hakuna, mtandao hakuna, mawe yapo kule."

Matar akaingia garini akafunga mlango. Njia nzima chini ya tuta, bahari ikirusha povu kwenye vioo vya kushoto, hakusema neno, na Ghaith aliyekuwa amemtaka atulie akaanza kutamani mguu urudi.

Walifika alasiri. Ufuo ulikuwa mtupu kutoka tuta hadi tuta, mweupe wa kuumiza macho, mawimbi yanapiga na kurudi. Vijana wakaanza kugombana na hema. Matar alichukua ufito wa hema uliozidi akapanda nyuma, kwenye mabonde madogo kati ya matuta.

Alikuwa na alama zake kichwani. Palikuwa na shimo la maji matamu chini ya tuta lenye mgongo wa mviringo. Palikuwa na safu ya nguzo za kuanikia papa. Kutoka nguzo ya mwisho, ukilipa kisogo shimo, hatua za baba yake thelathini. Lakini miaka arobaini na minne si mchezo kwa mchanga. Matuta yalikuwa yamehama, yamezaa mengine. Hapakuwa na shimo wala nguzo. Alichoma ufito huku, akachoma kule. Alikimbia kuteremka, akapanda tena akihema. Alikuta chupa, alikuta kiatu cha plastiki, alikuta kamba ya hema. Na alikuta majivu. Kila penye kibonde cha kukinga upepo palikuwa na duara la majivu, na katika kila duara mawe mawili, matatu, manne, meusi kwa masizi.

Ras Shuweir haina mawe, na wewe unajua. Hakuna mlima wala jabali, ni mchanga na kombe mpaka upeo wa macho. Jiwe lililopo kule lililetwa, na enzi za ngamia hakuna aliyebeba jiwe safari ya siku tisa kwa ajili ya kupikia. Watu walipikia juu ya mafuvu ya papa na magogo ya baharini. Jiwe walimletea maiti.

Jua lilikuwa limeshuka aliporudi kambini. Harufu ya wali na iliki ikamfikia kabla hajafika.

"Njoo, ami, njoo!" Yarub akaita, mwiko mkononi. "Tumebahatika leo. Mafiga tumeyakuta hapo hapo nyuma ya gari, kwenye jiko la watu wa zamani. Mazuri hayo, hata sufuria haiyumbi!"

Matar akainama kutazama chini ya sufuria.

Figa la upande wa bahari lilikuwa jiwe la kijani kibichi linalokaribia weusi, refu, na ubavuni lina mshipa mweupe unaokwenda mshazari. Alilijua kama unavyojua kovu la mguu wako. Mama alizikwa kwa haraka, kichwani wakamwekea ubao wa mashua. Kiangazi baba akampeleka Matar milimani kwenye mavuno ya tende, akachagua mawe matatu, na walipokuwa wanarudi pwani kwa ngamia, la kijani likafungwa upande wa Matar, na siku tisa likamsugua shavu la mguu mpaka akatoka damu. Alilia. Baba akamwambia, vumilia, ni la mama yako.

Sasa Matar akavua kilemba. Akakizungushia mikononi, akashika masikio ya sufuria, akainyanyua motoni.

"Ami! Ami, wali haujaiva!"

"Utaiva kwenye gesi."

"Gesi haitoi ukoko! Jamani, mwambieni mzee..."

Matar akatua sufuria mchangani, akapiga magoti, akaanza kufukua makaa kwa ufito wa hema. Azzan, akidhani mzee kaona hatari, akanyakua dumu la maji.

"Usimwagie!" Matar akapiga ukelele ambao Ghaith hakupata kuusikia maishani mwake. "Ukimwagia linapasuka! Weka dumu chini! Weka!"

Azzan akaweka. Matar akalikumbata jiwe kwa kilemba, kilemba kikaanza kutoa moshi, akalivuta, akalilaza kando. Akarudia la pili, na la tatu. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka na hakuvitazama.

"Mjomba," Ghaith akasema taratibu, "ni nini?"

"Ni mama yangu. Bibi yako."

Ghaith alikuwa ameshika sahani. Akaitazama ile sahani. "Yaani mimi nimekaa hapa nangojea ukoko juu ya mawe ya bibi yangu?"

"Hatukujua," Yarub akasema, uso umemsawijika. "Wallahi, ami, hatukujua. Tumeyakuta kwenye majivu ya watu, si kaburini. Nani angejua? Usitubebeshe lawama ambayo si yetu."

"Sikubebeshi," Matar akasema. "Ni yangu."

Akawaeleza kwa kusimama, kwa sababu kukaa hakuweza. Anakwenda hatua nne, anarudi hatua nne. Alianza na lile jiwe la kijani lililomtoa damu mguuni siku tisa. Miaka kumi na mitatu iliyopita alikuwa dereva wa watu wa safari za jangwani. Msimu wa kwanza alileta wageni hapa hapa. Mmoja wao akateremka bondeni akarudi na mawe mawili kwapani, anacheka kwa furaha ya kupata mafiga. Yalikuwa mawe ya mwanamume. Matar alijua hata ya nani: Khalfan msuka nyavu, aliyemfundisha kuogelea.

"Nikanyamaza. Nikajisemea, si ya mama. Nikanywa kahawa. Msimu wa pili tunapakia magari, mkubwa wa safari ananiuliza, haya mafiga mazito tunayabeba ya nini? Mgongo ulikuwa unaniuma, wanangu. Nikamwambia, yaacheni. Mawe yapo kule."

Moto ulikuwa unalala.

"Basi," Matar akasema. "Hilo neno ni langu. Limefika mpaka kwenye simu zenu."

Ghaith aliinuka akaenda kusimama majini mpaka magotini, amewapa kisogo, na wali ukaiva kwenye gesi bila mtu kuuonja.

Azzan ndiye aliyekuja na njia. Aliisema kwa sauti ya chini, kama mpima ardhi anavyosema mambo yake. "Ami, mawe unayo. Fomu inataka picha na mahali. Tuyapande hapo juu, kwa mstari, kichwa kaskazini. Mimi natoa vipimo. Mama yuko hapa hapa, kama si hatua hamsini ni mia. Nani atakuja kuchimba kutazama?"

"Huo ni uongo."

"Ni uongo utakaopindisha barabara. Ukisema kweli, barabara itapita juu yake. Chagua, ami."

Na Matar alichagua, nisikufiche. Kabla jua halijazama waliyabeba mawe mpaka kibonde kimoja kizuri, wakayapanda kwa mstari, Azzan akapima, akapiga picha. Picha ilitoka nzuri, mchanga wa dhahabu, mawe matatu, kivuli kirefu cha kila moja. Matar akaitazama kwenye simu. Akaitazama tena. Usiku hema lake lilikuwa linatikisika, watu wakidhani ni upepo. Kila akifumba macho anamwona Salama ameiweka picha ukutani, amenyanyua mikono, anauombea mchanga mtupu.

Alfajiri maji yalikuwa yamepwa tena. Alisikia injini. Alitoka hema bila kofia akaona gari la kijivu limepita chini ya tuta na kusimama penye kile kibonde. Mtu mmoja mchangamfu ameshashuka, anakuja zake anateremka mchangani, na kwapani amebana jiwe la kijani lenye mshipa mweupe.

"Salaam alaykum, mzee! Mmewahi kuamka. Chai ipo? Maana mafiga tumeshapata."

"Lirudishe," Matar akasema.

"Samahani?"

"Jiwe. Nani kakwambia ulichukue?"

Yule bwana akashangaa kweli, hakuwa mtu mbaya. "Kila mtu anajua, mzee. Mawe yapo kule, si ndivyo wanavyosema?"

Matar alimpokonya jiwe. Halikuwa jepesi, na viganja vilikuwa na malengelenge, lakini alilibeba akapita nalo mbio katikati ya kambi, akalitua chini kabisa, pale njia inapotokea chini ya tuta, katikati ya alama za matairi. Akarudi kuchukua la pili.

Ghaith alikuwa amesimama mlangoni mwa hema. "Unafanya nini, mjomba?"

"Azzan!" Matar akaita. "Ile picha ifute."

"Ami, fikiri kwanza..."

"Nimefikiri miaka kumi na miwili. Futa! Yarub, we mwalimu wa michezo, hebu leo toka jasho. Kila duara la majivu ufuoni humu, toeni mawe. Leteni hapa."

Ghaith alikuwa wa kwanza kutembea. Alimpita mjomba wake bila kumtazama, akaenda kwenye duara la karibu, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Yarub akamfuata akinung'unika kwamba mgongo wake haukuumbwa kwa kazi hii, akarudi na mawe mawili mawili. Yule bwana wa gari la kijivu akauliza kuna nini, na Azzan akamweleza. Halafu akaenda kufungua buti la gari lake akatoa jiwe moja jeupe.

"Hili lilitoka hapa mwaka jana," akasema, hana pa kuweka macho. "Mke wangu alilipenda. Lilikuwa bustanini. Nimerudi nalo la kupikia."

Walifanya kazi mpaka adhuhuri, na Matar hakukaa hata mara moja, lakini hili lilikuwa hangaiko jingine, hangaiko lenye mahali pa kwenda. Yakatoka mawe thelathini na saba. Waliyapanga kwa mstari mmoja kutoka mguu wa tuta hadi pale maji yanapofika, upande wenye masizi ukiitazama njia. Hakuna gari litakaloingia Ras Shuweir bila mtu kushuka.

Magari yao wenyewe waliyatoa alasiri kwa kuyainua mawe sita na kuyarudisha, na Ghaith ndiye aliyeyarudisha. La kijani alilishika zaidi ya yale mengine. Akamwuliza Matar, bado hamtazami, "Mguu upi?"

"Wa kushoto," Matar akasema, akapandisha kanzu akamwonyesha kovu. Ghaith akaligusa kwa kidole, akaingia garini, akawasha.

Fomu ilijazwa juu ya boneti. Jina la marehemu: Ghabisha binti Rashid, na chini yake, kwa mwandiko uliobanana, Khalfan msuka nyavu, na wengine ambao Mungu anawajua. Picha: mstari wa mawe meusi, bahari nyuma. Mahali pa kaburi: Matar aliuma kalamu kitambo, kisha akaandika, "Ras Shuweir yote, kutoka matutani hadi majini." Njiani, mtandao uliporudi, alimpigia Salama kwanza, akamwambia yote, pamoja na yale maneno matatu aliyoyasema akipakia gari. Salama akasema, "Basi nageukia ufuo mzima." Akakata. Wiki tatu sasa hajampigia.

Jumapili saa mbili kasorobo Matar alikuwa mlangoni pa ofisi, amesimama. Fomu wameipokea. Hawajajibu. Tingatinga liko Mahut, limefunikwa turubai.

Na wewe? Jiwe unalo. Liko chini ya mti wa bustani yako, au linazuia mlango usijifunge, au limo kwenye buti pamoja na mkeka na birika, jeusi upande mmoja. Litoe. Usingoje Ijumaa, usingoje kundi lenu lipange. Toa upepo matairini, pita maji yakiwa yamepwa, zima gari, shuka, liweke kwenye mstari wenzake walipo. Na kama huna jiwe, simu unayo. Fungua ile orodha yenu sasa hivi, ulifute lile neno, halafu mpigie kila uliyepata kumwambia mawe yapo kule, mmoja mmoja, umwambie ni ya nani.